Waombaji wa Seli Kali

Kwanza niweke wazi jambo moja, maana nimechoshwa na maneno ya watu wa nje. Katika Jamhuri ya Raharaha hatupigi watu. Tunawasaili. Ukimwona mtu anatoka katika jengo la Tume ya Ajira kwa Wote akichechemea, meno yake yakiwa mfukoni, usidhani ameonewa. Ametoka kwenye usaili, na pengine umemwendea vizuri kuliko wenzake.

Mimi ni karani wa kumbukumbu wa Tume hiyo, huu mwaka wa kumi na nane. Sijawahi kumgusa mwombaji hata kwa ukucha. Kazi yangu ni kuandika, na damu ikirukia karatasi naanza ukurasa mpya, kwa sababu Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Daktari Tabaruki Mkorere, hapendi uchafu kwenye nyaraka za umma.

Nchi yetu ina makabila matano. Fomu ya kuombea kazi inayataja yote bila ubaguzi: Warimba, Waberuwa, Wakirare, Waturo na Wengineo. Hao Wengineo ndio Wasembwa, watu wa vijiji kumi na kimoja katika bonde lililo chini ya Bwawa la Umoja. Kisanduku chao kwenye fomu ni kidogo, alama ya vema haienei ndani, lakini na wao wenyewe ni wachache, sasa wanalalamika nini?

Matatizo yalianza Wasembwa walipopata wazimu wa kusoma. Walisoma mpaka wakatutia aibu. Kila mahafali ya chuo kikuu, zikitajwa namba za mwanzo, ni Wasembwa watupu, na watoto wa wakubwa wanapiga makofi huku wamenuna. Ndipo Bunge letu tukufu likapitisha Sheria ya Swali Moja. Vyeti visiangaliwe, kwani vyeti vinaleta ubaguzi baina ya waliosoma na wasiosoma. Kila mwombaji aulizwe kwa mdomo swali moja tu, lilelile kwa wote: Unaomba kazi wapi? Na jibu ni moja: Serikalini, au katika Serikali, mradi neno Serikali lisikike. Mtoto wa chekechea analiweza.

Sasa, Mwenyezi Mungu aliwaumba Wasembwa bila herufi r. Penye r wao huweka l. Rehema kwao ni Lehema, Rozalia ni Lozalia, na nchi yetu tukufu wanaiita Lahalaha. Hilo la nchi tuliwasamehe.

*

Lozalia Ntimbwa alikuja asubuhi ya Jumatatu, ramani kubwa imekunjwa kwapani, kaka yake nyuma yake. Yeye alikuwa na shahada ya ujenzi wa mabwawa, ya daraja la kwanza. Kaka yake, Lamadhani, alikuwa daktari wa mifugo, kijana mpole aliyemwamkia kila mtu ukumbini, hata Sajini Gobwe aliyesimama mlangoni na rungu lake.

Lamadhani aliitwa kwanza.

"Unaomba kazi wapi?" Mwenyekiti aliuliza huku akimenya chungwa.

Lamadhani alivuta pumzi. Nilimwona akiupanga ulimi wake kama mtu anayetaka kuruka mtaro mpana. "Naomba kazi katika Se... Sel... katika Selikali, Mheshimiwa."

Mwenyekiti alinigeukia. "Karani, mwombaji amesema anataka nini?"

"Seli kali, Mheshimiwa."

"Mmesikia wote. Hakulazimishwa na mtu. Sajini, mpe kijana alichoomba."

Sajini Gobwe ni mchapakazi. Rungu la kwanza lilimpata Lamadhani kwenye mtulinga, tukausikia ukikatika. La pili na la tatu yalikwenda magotini, kwa kuwa kanuni zetu zinataka mwombaji aliyefanikiwa aondoke bila kutembea, ili asisababishe msongamano kwenye korido. "Lakini mimi nimesoma," Lamadhani alisema pale chini, kwa mshangao, si kwa hasira. Rungu la nne likamnyamazisha. Nikaandika: Ombi limekubaliwa.

Na naomba hapa msomaji asimame kidogo. Tume yetu haijawahi kumkatalia Msembwa hata mmoja. Wote walioomba seli kali walipewa seli kali. Asilimia mia moja! Nitajieni nchi nyingine duniani yenye takwimu za namna hiyo kwa kabila dogo.

Lozalia aliitwa. Hakuiruka damu ya kaka yake, aliikanyaga akaja kusimama mbele ya meza, akaitandaza ramani juu ya maganda ya chungwa.

"Mheshimiwa, usinisikilize mimi, itazame hii lamani," alisema. "Ukuta wa bwawa una ufa. Ukipita msimu mmoja wa mvua kubwa utaanguka, na chini yake kuna vijiji kumi na kimoja. Mama yangu yuko pale. Nipeni ufunguo wa milango ya maji niyapunguze. Sitaki mshahala. Sitaki hata kiti."

"Binti, swali ni moja. Unaomba kazi wapi?"

"Bwawani."

Nakiri moyo wangu uliruka. Mjanja! Hakuna r katika bwawa.

"Bwawa la nani?" Mwenyekiti aliuliza.

"La wananchi."

"Na wananchi wako chini ya nani?"

Nje walikuwa wanamburuta kaka yake kwenye ngazi, kichwa kikigonga kila kidato, na sisi sote ukumbini tulikuwa tunavihesabu bila kupenda. Vilipofika kumi na tisa Lozalia aliinamisha uso.

"Chini ya Selikali," alisema.

"Kumbe ulikuwa unajua," Mwenyekiti alisema kwa upole, akamwashiria Sajini.

Nafasi ile ya Mhandisi wa Bwawa ilijazwa siku hiyohiyo na Burure Mkorere, mpwa wa Mwenyekiti, mwenye cheti cha kupamba keki za harusi. Alipotamka Serikali, ile r iliviringika ukumbini mpaka glasi zikatetemeka. Alikwenda bwawani, akauona ufa, hakufanya uzembe. Aliupaka chokaa nyeupe kutoka juu mpaka chini, kisha juu yake akaandika KARIBUNI kwa rangi ya waridi.

*

Seli Kali ilichimbwa chini ya ukuta wa lile bwawa, kwa kuwa ardhi pale ilikuwa ya bure. Walikuwemo wahitimu arobaini na wawili: madaktari, walimu wa hesabu, mwanasheria mmoja aliyekuwa akiwakatia rufaa kwa mdomo kila Ijumaa, na bibi mmoja mtaalamu wa nyota ambaye hakuwa ameona anga mwaka wa tatu.

Msituone hatuna huruma. Tume ilianzisha Mafunzo ya Ulimi ili kuwasaidia. Daktari Mkorere alifanya utafiti yeye mwenyewe, akagundua kwamba herufi l hujificha nyuma ya meno ya mbele. Ukiyaondoa meno, l inakosa pa kujishikiza, na r inaingia. Sajini Gobwe alipewa nyundo ya seremala na shuka la kujikinga.

Wa kwanza alikuwa Lamadhani. Nyundo iliteleza. Niliandika kwamba mwanafunzi amefariki akiwa masomoni, na kwamba familia itapelekewa cheti cha kuhudhuria.

Wa pili alikuwa dada yake. Askari wawili walimkalia mikono, wa tatu akamshika taya. Macho yake yalikuwa kwenye kona, pale walipokuwa wamemlaza Lamadhani chini ya gunia. Hakupiga kelele jino la kwanza wala la pili. La tatu lilipovunjikia kwenye ufizi alipiga yowe moja, na hata Sajini akasita, akafuta jasho. Kisha akamalizia la nne. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu. Nilianza ukurasa mpya mara tatu.

Vidonda vilipopona alirudishwa mbele ya Tume. Uso wake ulikuwa umeingia ndani.

"Unaomba kazi wapi?"

"Katika Serikari."

Mwenyekiti aliruka kitini. "Kari? Kari ndiyo nini? Tumempa r moja ya bure, yeye kajitwalia mbili! Huo ni uroho!" Na kwa kosa la uroho akapigwa viboko kumi na viwili, akarudishwa chini ya ukuta.

Nilikuwa nakwenda kule kila mwezi kuita majina. Mwezi wa kwanza Lozalia alinishika suruali. "Karani, ufa urikuwa wa kidore," alisema. "Sasa ni vidore vitatu. Waambie wafungue mirango. Mama yangu yuko pare chini." Nilimkemea aache kunikamata nguo. Malalamiko yana taratibu zake, na daraja la kwanza lake halimpi ruhusa ya kumvua suruali mtumishi wa umma.

Lakini na mimi ni mtu. Niliporudi ofisini niliuandika ule ufa kwenye ajenda ya mkutano, chini ya Mengineyo. Mengineyo ndiyo ajenda ya mwisho, na siku zote tukiifikia, pilau linakuwa limeshaingia mlangoni. Kwa hiyo ikaahirishwa. Mwezi uliofuata niliuandika tena, na uliofuata tena. Miezi tisa ule ufa ulikaa kwenye Mengineyo, ukikua. Niliandika! Hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Kuna jambo moja sikuliandika. Kila nilipokwenda nilimkuta Lozalia ameketi ubavuni mwa ukuta, kidole kinywani, akiusukuma ulimi kwenye pengo. La. Ra. La. Ra. Ulimi ulikuwa unachanika kwenye mabaki ya meno, anatema damu, anaanza upya. Wenzake wote arobaini wananyamaza ili ajisikie. Nilitaka kucheka, sikuweza.

*

Mwezi wa tisa walifika wajumbe wa Shirika la Usawa Duniani. Walitaka kumwona Msembwa akiajiriwa kwa macho yao, na matangazo yaende nchi nzima moja kwa moja. Mvua ilikuwa inanyesha siku ya nane mfululizo.

Lozalia alitolewa, akaogeshwa, akavishwa gauni la kuazima. Mkuu wa Itifaki alimletea na meno ya bandia, nayo ya kuazima, kwa ajili ya picha. Aliyasukuma pembeni. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alivaa joho.

"Mwombaji, unaomba kazi wapi?"

Niliacha kuandika. Sijui kwa nini, lakini nilijikuta namwombea.

"Naomba kazi katika Serikali," alisema Lozalia Ntimbwa.

Safi kabisa! R mahali pake, l mahali pake. Ukumbi ulisimama. Mjumbe mmoja wa kike alitoa kitambaa akajifuta macho. Sajini Gobwe, ambaye hupenda sana sherehe za kiserikali, aliweka bastola yake juu ya meza ili apige makofi kwa mikono miwili.

"Nimelisema," Lozalia alisema. "Nipe ufunguo, Mheshimiwa. Gari liko nje?"

"Kwanza hotuba," alisema Mwenyekiti.

Akaanza. "Ndugu wananchi wa Raharaha! Leo historia imevua viatu mlangoni kwetu! Walisema tunabagua. Tunabagua nini? Mimi mwenyewe kwa mikono yangu nimewatafutia watu hawa herufi, nikawapa, bila kudai shukrani..."

"Mheshimiwa, mvua," alisema Lozalia.

"Naam, mvua! Mvua ni neema, na neema ni matunda ya uongozi bora!" Aliunyanyua ufunguo juu ili upigwe picha, upande wa kulia, upande wa kushoto. Lozalia alinyoosha mkono. Mwenyekiti akauchukua ule mkono akaupungia wajumbe nao. Hotuba ilikwenda saa nzima, ikaingia ya pili. Lozalia alikuwa amesimama palepale mkono mbele, analia bila sauti, na watu wakidhani ni furaha.

Ndipo Mhandisi Burure akaingia, ameloa chapachapa, viganja vyeupe kwa chokaa. Alimwinamia mjomba wake sikioni, lakini kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Mjomba, ukuta umeondoka."

"Umeondoka kwenda wapi?"

"Bondeni."

"Na vijiji?"

"Hakuna paa linaloonekana, mjomba."

"Na Seli Kali?"

"Hiyo ndiyo iliyotangulia."

Mwenyekiti aliutazama ufunguo, akautia mfukoni, akasogelea kipaza sauti. "Ndugu wajumbe, kwa kuwa bwawa halipo, nafasi ya Mhandisi wa Bwawa imefutwa rasmi. Tunampongeza mwombaji kwa kushiriki. Chakula kipo tayari."

*

Lozalia aliichukua bastola mezani kwa utulivu sana, unaweza kudhani ni kalamu. Sajini Gobwe alimrukia. Risasi ilimpenya shingoni, akaanguka kwenye mashada ya maua akipiga teke mpaka akatulia. Wajumbe wa Usawa Duniani waliingia chini ya meza wote kwa usawa. Mtu alikimbilia mlango mkubwa, akatoka, mwingine akaufunga kwa nje kwa woga.

"Kaa pale," Lozalia alimwambia Mwenyekiti.

Alimwonyesha kigoda cha waombaji. Mheshimiwa hakuwa amewahi kukikalia, hakujua kuwa ni kifupi kiasi kile. Magoti yalimfika kifuani.

"Swali ni moja," alisema Lozalia. "Mama yangu anaitwa nani?"

"Sijui, binti yangu. Wallahi sijui."

"Nitakutajia. Wewe utamke tu, kama nilivyotamka la kwako."

Akalitaja. Jina lina silabi tatu. Ya mwisho ilimezwa na vilio vya wajumbe kule chini ya meza nilikojificha nao, na ya kati ina sauti ambayo Warimba, Waberuwa, Wakirare na Waturo hatuna. Unafunga midomo, unavuta hewa kwa ndani, kisha unaiachia ghafla. Kwa Wasembwa ni sauti ya kawaida tu, wananunulia nayo chumvi.

Mwenyekiti alijaribu. Yeye aliyeifundisha nchi nzima r alipuliza mate kama mtu aliyeungua na uji. Lozalia akampiga risasi ya goti. "Rudia," alisema. Akarudia kwa kilio, akakosea, likaenda goti la pili. Mara ya tatu alimwita mama wa watu Ndimbe, na Lozalia akampiga ya mdomo. Kumbukumbu zionyeshe kwamba Mheshimiwa alipewa nafasi tatu, mbili zaidi ya sisi tulizokuwa tukitoa.

Kisha akageuka. "Karani. Toka humo."

Nilitoka chini ya meza na daftari langu kifuani.

"Wewe nilikuambia habari za ufa," alisema.

"Niliandika, dada. Kila mwezi niliandika. Kwenye Mengineyo."

"Nani alisoma?"

"Hakuna."

Nilisikia aibu. Miaka kumi na nane sijawahi kuisikia, nikadhani ni ugonjwa wa moyo. Nilisubiri risasi. Badala yake aliketi sakafuni karibu yangu, gauni lake la kuazima kwenye damu ya Mwenyekiti, akaiweka bastola mapajani. Mlangoni askari walikuwa wameanza kugonga kwa mabega.

"Basi andika tena," alisema. "Jina la mama yangu. Lakini kwanza ulitamke, usije ukaandika uongo. Sema: Ndi."

"Ndi."

"Sasa funga midomo. Vuta hewa. Usimeze."

Nilikosea. Nikakosea tena, nikafumba macho. Aliishika midomo yangu kwa vidole viwili, akaibana taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kupiga mluzi. "Vuta," alisema. "Sasa achia." Mara ya nne ile sauti ilitoka, ndogo, ikanishangaza mwenyewe. Lozalia alicheka. Pengo lake lote lilionekana, na ndipo nilipoona alikuwa msichana tu, hata miaka thelathini hajafika.

"Umepata," alisema. "Imebaki moja, ya mwisho. Mpaka hapo ulipofika linamaanisha maji, basi. Ile ya mwisho ndiyo inayosema maji gani. Sikiliza vizuri, Karani."

Akafungua kinywa. Mlango ukavunjika. Risasi zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Aliangukia miguuni pangu, na midomo yake bado ilikuwa inatafuta. Nililala chini nikaweka sikio kinywani mwake. Kilitoka kitu. Pengine ni silabi, pengine ni pumzi tu.

*

Mwenyekiti mpya amekwisha kuapishwa, naye ni mtu wa watu. Fomu imeboreshwa, ina visanduku vinne tu sasa, inapendeza. Amenitaka nimpelekee kumbukumbu za kikao kile azitie sahihi, nami kila wiki namwambia bado, Mheshimiwa, kuna neno moja halijakamilika.

Nimetafuta Msembwa wa kumwuliza. Bonde ni ziwa. Waliosoma walikuwa chini ya ukuta, na wasiosoma walikuwa chini ya waliosoma. Niliandika barua kwa vyuo vya nje, nikajibiwa kwamba lugha hiyo haimo kwenye orodha yao.

Kila siku watu wakienda kula, mimi nafunga mlango wa ofisi. Nafunga midomo, navuta hewa, naachia. Hizo mbili za mwanzo nazitamka vizuri, nina hakika, alinisifia mwenyewe. Kisha najaribu ya mwisho: na, le, wa, mbo, shi. Naitaja kwa sauti, nasubiri. Hakuna aliyebaki wa kuniambia nimekosea.